Silinda Moja Imekufa: Itafutwe Kwanza Kabla Injini Haijafunguliwa

Swali: Ndugu mtaalamu, nina lori la Mitsubishi Fuso Fighter lenye injini ya 6D16. Nabeba mahindi kutoka Makambako kwenda Dar es Salaam na kurudi na saruji. Kwa muda sasa injini inamisi, yaani haiwaki sawasawa. Ikiwa kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) kabini nzima inatikisika, asubuhi inatoa moshi mweupe unaowasha macho, na mlima wa Kitonga naupanda kwa gia ya chini kuliko zamani. Gereji walibadilisha nozeli zote sita (zinazopulizia mafuta kwenye silinda), hali ikabaki vilevile. Sasa wanashauri injini ishushwe na kufunguliwa yote. Je, nikubali?

Jibu: Ndugu msomaji, usikubali bado. Katika maelezo yako yote sijaona mahali ambapo fundi alikutajia namba ya silinda yenye kasoro, na bila namba hiyo hakuna anayejua anachokwenda kukitafuta ndani ya injini. Nozeli sita zimenunuliwa bila kujulikana kama hata moja ilikuwa mbovu. Kabla hujalipia kazi kubwa zaidi, dai majibu ya maswali mawili kwa mfuatano huu: ni silinda ipi isiyofanya kazi, na imekosa nini. Majibu yote mawili hupatikana injini ikiwa palepale ilipo, kwa vifaa ambavyo gereji ya malori inapaswa kuwa navyo.

Kwanza tuhakikishe kwamba tunashughulika na silinda iliyokufa, wala si kasoro nyingine inayofanana nayo. Injini yako ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na kila nyuzi 120 za mzunguko wa krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, silinda moja huwaka, kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4. Kwenye sailensa ya mizunguko 600 kwa dakika kila silinda huwaka mara 5 kwa sekunde. Moja ikifa, pengo lake hujirudia kwa mwendo usiobadilika, nawe ukisimama karibu na bomba la ekzosi utasikia mapigo yanayoruka mahali palepale kila raundi. Ukisikia injini nzima ikipanda na kushuka taratibu, kama mtu anayekanyaga na kuachia mafuta, hiyo ni kasoro ya gavana (kidhibiti cha mizunguko) au ya hewa iliyoingia kwenye mfumo wa mafuta. Ukisikia mapigo yakiruka ovyo, mara hapa mara pale, shuku hewa, filta iliyoziba au mafuta machafu kabla ya kuishuku silinda yoyote. Mtikisiko wa kabini nao peke yake si ushahidi, kwa maana mpira wa kushikilia injini uliokatika hutikisa kabini hata kama silinda zote sita ni nzima.

Mapigo yakiruka kwa utaratibu usiobadilika, silinda husakwa kwa kuzikata mafuta moja baada ya nyingine. Injini yako ina pampu ya kimakanika, kwa hiyo kazi hii ni rahisi. Ikiwa inaunguruma kwenye sailensa, fundi analegeza nati ya bomba la mafuta linaloingia kwenye nozeli ya silinda ya kwanza, nusu mzunguko tu, hadi mafuta yaanze kuvuja badala ya kuingia ndani. Silinda ikiwa nzima, mlio wa injini utabadilika papo hapo, mizunguko itashuka na mtikisiko utaongezeka. Anaikaza nati, anasubiri injini itulie, kisha anakwenda ya pili, na kuendelea mpaka ya sita. Ile ambayo ukiikata hakuna kinachobadilika ndiyo iliyokufa. Ile ambayo ukiikata mlio unabadilika kidogo tu kuliko wenzake ni dhaifu lakini haijafa, na tofauti hiyo iandikwe kwenye karatasi, kwa kuwa itahitajika baadaye.

Naomba usome maneno haya kwa uzito wake. Nozeli za injini za aina hii hufunguka kwa presha ya karibu bar 200 au zaidi, na mafuta yanayotoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini kupitia tundu dogo lisiloumiza sana mwanzoni. Jeraha la namna hiyo linahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, hata kama kidole kinaonekana kizima, kwani mtu aliyelipuuza anaweza kupoteza kidole au mkono. Basi fundi avae miwani, afunike nati kwa kitambaa kinene, na asiweke mkono mbele ya mvujo. Tena njia hii ni kwa pampu ya kimakanika tu. Kwenye injini za komoni reli, ambazo bomba moja la pamoja hulisha nozeli zote, presha ndani ya bomba huzidi bar 1,000 na nyingine hufika 2,000. Bomba hilo halilegezwi kamwe injini ikiwa inawaka. Malori kama Volvo FH12 yenye injini ya D12 hayana hata bomba la kulegeza, kwa sababu pampu na nozeli ni kitu kimoja ndani ya silinda hedi. Huko silinda hukatwa kwa mashine ya uchunguzi, nayo huonyesha kila silinda inachangia kiasi gani.

Njia ya pili, ambayo napenda itumike kuthibitisha ile ya kwanza, ni joto. Lori likiwa limelala usiku kucha, liwashwe, na ndani ya dakika moja au mbili lipimwe joto la kila tawi la manifoldi ya ekzosi, pale linapotokea kwenye silinda hedi. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mwanga si ghali siku hizi. Kikiwa hakipo, matone ya maji hutosha, maana kwenye matawi ya silinda nzima yatakauka haraka, na kwenye iliyokufa yatakaa. Usichelewe, kwa kuwa joto husambaa kwenye chuma na baada ya muda matawi yote yatafanana. Kipimo kilengwe mahali palepale na kwa umbali uleule kwa kila tawi, kwani chuma chenye kutu na chuma kinachong'aa havisomeki sawa. Kukata mafuta na kupima joto vikionyesha namba moja, hakuna tena la kubishania kuhusu silinda ipi.

Sasa tuje kwenye swali la pili, nalo ndilo lenye pesa nyingi. Dizeli haina plagi ya kuiwasha. Huwaka kwa sababu pistoni imeishindilia hewa mpaka ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, kisha nozeli ikapulizia mafuta yaliyosagika kuwa ukungu kwa wakati unaotakiwa. Silinda isiyowaka imekosa hewa iliyoshindiliwa vya kutosha, au imekosa mafuta, au mafuta yamefika kwa umbo au wakati usiofaa. Hapo moshi wako unatusaidia sana. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yaliyoingia yakatoka bila kuungua. Maana yake pampu inatuma mafuta na nozeli inayapitisha. Silinda iliyokufa kwa kukosa mafuta kabisa haitoi moshi, inapumua hewa tupu. Mvuke mweupe usiowasha, wenye harufu tamu kidogo, unaoambatana na maji kupungua kwenye rejeta, ungetupeleka kwenye gasketi au ufa wa silinda hedi. Moshi wa buluu ungesema oili, na mweusi ungesema mafuta mengi kuliko hewa. Wewe umetaja ule wa kuwasha macho, kwa hiyo mimi nashuku zaidi kompresheni (mshindilio wa hewa) ya silinda hiyo au jinsi nozeli yake mpya ilivyokaa, na naiweka pampu nyuma. Lakini ikiwa moshi na ugumu wa kuwaka vilianza kwa silinda zote kwa pamoja baada ya pampu kufunguliwa au kubadilishwa, basi taimingi ya pampu, yaani wakati wake wa kutuma mafuta, ihakikiwe kwanza.

Kabla ya kupima kompresheni, nataka tundu la nozeli ya silinda hiyo lichunguzwe kwa makini, kwa sababu kubadilisha nozeli sita kwa haraka huacha makosa ambayo hufanana kabisa na injini iliyochoka. Chini ya kila nozeli hukaa washa ya shaba. Nozeli ikichomolewa, mara nyingi washa ya zamani hubaki imeng'ang'ania chini ya tundu, na fundi asiyemulika kwa tochi huweka mpya juu yake. Nozeli inakaa juu kuliko inavyotakiwa, mafuta hayaangukii kwenye bakuli la pistoni, na silinda inatoa moshi mweupe huku kila kitu kikiwa kipya. Kosa jingine ni kukaa juu ya masizi yaliyoganda, au kukazwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Hapo hewa iliyoshindiliwa hutoroka pembeni mwa nozeli, na utaisikia ikipuliza na kuacha weusi kuzunguka shingo yake. Tundu lisafishwe, washa ziwe mpya tena moja tu, na ukazaji uwe kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha injini.

Nozeli zenyewe nazo zipimwe, hata kama ni mpya. Kwenye mashine ya mkono ya kupimia nozeli huonekana mambo matatu: inafunguka kwa presha gani, inapuliza ukungu au inatema michirizi, na kama haidondoshi ikiwa imefungwa. Nozeli nzima ikishikiliwa kwa presha iliyo pungufu kwa bar 20 kuliko ile ya kufungukia, ncha yake hubaki kavu kwa sekunde 10. Namba iliyochorwa kwenye kila nozeli ilinganishwe na ya zile za zamani, kwani kuna nozeli zinazoingia tundu lilelile huku zikiwa na idadi au pembe tofauti ya matundu. Hapohapo pana jaribio lisilo na gharama. Hamisha nozeli ya silinda iliyokufa kwenda kwa jirani na ya jirani ije huku, kila moja na washa mpya, kisha rudia kukata mafuta. Kasoro ikihama pamoja na nozeli, umempata mhalifu. Ikibaki palepale, achana na nozeli, kwa kuwa sasa una ushahidi.

Katika kulegeza mabomba, fundi aangalie pia mafuta yanavyotoka. Bomba la silinda iliyokufa likitoa mapigo sawa na wenzake, upande wa pampu wa silinda hiyo uko hai. Likitoa kidogo sana au kutotoa kabisa, plunja (kipistoni cha pampu kinachosukuma mafuta) imekwama au springi ya delivari valvu, ile inayoruhusu mafuta kutoka kwenye pampu, imevunjika, na pampu inapaswa kwenda kwa fundi wa pampu mwenye benchi la kupimia, isifunguliwe chini ya mti kwenye vumbi. Plunja na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, ndiyo maana mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa huzila haraka. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya uovu huu hasa, na bado nakusihi usinunue dizeli ya madumu barabarani kwa sababu ya unafuu wa shilingi chache.

Kasoro ikiwa imebaki kwenye silinda ileile, kifunguliwe kifuniko cha roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu zifunguke. Ni kazi ndogo, na mara nyingi jibu liko hapo. Pengo la valvu za silinda hiyo lipimwe injini ikiwa baridi na lilinganishwe na la nyingine. Valvu isiyo na pengo haifungi sawasawa, hivyo kompresheni hutoroka na ukingo wa valvu huungua siku hadi siku. Pengo likiwa kubwa kupita kiasi, tafuta pushirodi (fito inayosukuma roka) iliyopinda, tapeti iliyolika au kamshafti (mhimili unaoendesha valvu) iliyochakaa. Pushirodi ichomolewe na ibiringishwe juu ya kioo, iliyopinda itaonekana mara moja. Kisha injini izungushwe kwa mkono huku ukipima kila roka inashuka kiasi gani, kwa kuwa roka inayofungua kidogo kuliko wenzake inakuonyesha kamshafti iliyolika bila kushusha chochote. Springi ya valvu iliyovunjika nayo hujificha hapo. Nimeona malori mengi yakifunguliwa hadi krenki wakati tatizo lilikuwa valvu moja iliyobanwa, na ndiyo sababu nasisitiza hatua hii.

Baada ya hapo ndipo kompresheni ipimwe. Geji iwe ya dizeli, inayosoma angalau bar 40, kwa kuwa ile ya petroli haifiki. Injini ipashwe moto kwanza, nozeli zote zichomolewe, mafuta yakatwe, betri ziwe na chaji kamili, na starta izungushe kwa muda uleule kwa kila silinda. Injini nyingi za malori za namna hii zikiwa nzima hutoa kati ya bar 25 na 30, na zikishuka hadi karibu 20 huanza kukataa kuwaka asubuhi. Hata hivyo usizitegemee namba hizo peke yake. Kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, kama ilivyo huko kwenu nyanda za juu, hewa ina presha ya kama asilimia 82 ya ile ya usawa wa bahari, kwa hiyo silinda inayosoma bar 28 Dar es Salaam inaweza kusoma 23 Makambako bila ugonjwa wowote. Kinachohukumu ni tofauti kati ya silinda na silinda. Tano zikisoma 24 na moja ikasoma 14, hiyo moja ina tatizo. Zote sita zikisoma 17, injini imechoka kwa ujumla, na hapo mafundi wako watakuwa wamesema kweli. Mbili zilizo jirani zikisoma chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yao.

Wapo wanaomimina oili kwenye tundu ili kuona kama kompresheni itapanda na hivyo kuzishuku ringi za pistoni. Kwenye dizeli sishauri. Nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, na oili ikizidi kidogo inaweza kupinda konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki. Kuna njia iliyo bora, nayo ni hewa ya kompresa. Pistoni ya silinda hiyo ifikishwe juu kabisa kwenye mpigo wa kushindilia, roka zake zote mbili zikiwa huru, kisha hewa iingizwe kupitia tundu la nozeli na msikilize inatokea wapi. Ikisikika kwenye njia ya filta ya hewa, valvu ya kuingiza haifungi. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Ikivuma kwenye mdomo wa oili au kwenye briza (tundu la kupumulia la injini), ni ringi, pistoni au slivu (ukuta wa silinda). Mapovu kwenye rejeta yanaonyesha gasketi au ufa. Ikitokea kwenye tundu la nozeli la jirani, gasketi ndiyo iliyoungua. Mtu asiache spana kwenye puli ya krenki wakati wa jaribio hili, kwa maana hewa inaweza kuisukuma pistoni na krenki ikageuka ghafla.

Utaona basi kwamba hewa ikitokea kwenye valvu au gasketi, kazi inayotakiwa ni kuvua silinda hedi tu, na injini inabaki kwenye chesisi. Ni hewa inayovuma kwenye mdomo wa oili pekee inayohalalisha kugusa pistoni, na hata hapo, ikiwa ni silinda moja, uliza kama sampu (bakuli la oili chini ya injini) inaweza kushushwa na pistoni moja kutolewa lori likiwa limesimama. Silinda hedi ikivuliwa, usikubali ifungwe kwa gasketi mpya tu. Unyoofu wa uso wake na wa bloku upimwe kwa rula ya chuma na fila geji, ipimwe nyufa kwa presha, na mwinuko wa midomo ya slivu juu ya bloku upimwe silinda kwa silinda. Vipimo hivyo waandike, wakupe nakala, na boliti zikazwe kwa hatua na mpangilio wa kitabu.

Mpaka hapo, lori lisipakie saruji na kupelekwa Kitonga. Dizeli isiyoungua huosha oili kwenye slivu, ringi zikasaga chuma kikavu, na sehemu yake hushuka kwenye sampu. Leo hii vuta kijiti cha oili. Kiwango kikiwa kimepanda, au oili ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, usiendeshe tena hata safari fupi, kwani beringi za krenki zinazunguka bila ulinzi na hasara inayofuata itakuwa kubwa kuliko hiyo unayoiogopa sasa. Oili na filta vibadilishwe baada ya matengenezo kukamilika. Kisha siku ya kwanza rudieni jaribio la kukata mafuta kwa silinda zote sita, zikilinganishwa na ile karatasi ya mwanzo, kabla hujalipa salio la fundi.